Ctrl+S Haiulizi Wapi: Kuweka Faili kwenye Folda Yake kwa Vitufe Tu

Siku ya Ijumaa saiba nyingi za Kisumu, yaani vibanda vya kompyuta na intaneti, huwa na kazi moja inayozidi nyingine zote: programu za mazishi ya Jumamosi, vile vijitabu vya ratiba na picha. Familia moja imetoka Ahero, nyingine Luanda, nyingine Seme, na kila moja ina picha za marehemu kwenye simu, ratiba iliyoandikwa kwa kalamu, na shangazi ambaye atakumbuka baadaye kwamba jina la mkaza mwana fulani limeachwa. Kuchapa hakuchoshi sana. Kinachochosha ni pale mteja anaporudi saa nane mchana na kusema, “Kijana wangu, ile programu yetu ya asubuhi, tuongezee jina moja hapo,” na kijana anaanza kuitafuta. Kwenye Desktop haipo. Kwenye Documents haipo. Downloads imejaa faili zisizo na kichwa wala miguu, na foleni inazidi kurefuka.

Mwongozo huu ni wa kijana huyo, na pia wa karani wa shule na katibu wa chama anayeandika kumbukumbu za mkutano kwa laptopu ya kuazima. Unahusu Windows 10 na 11, kwa kuwa ndizo zilizo kwenye meza nyingi.

Karibu kila mtu aliyepita chuo cha kompyuta anaijua Ctrl+S. Shida yake ni kwamba huhifadhi faili pale pale ilipofunguliwa, hata kama hapo si kwao. Uliifungua kutoka Downloads, inabaki Downloads. Uliifungua kutoka kwenye flashi ya mteja, inaandikwa kwenye flashi ya mteja, naye akiondoka anaondoka nayo. Uliifungua kutoka ndani ya zip bila kuitoa kwanza, basi unachohariri ni nakala ya muda iliyofichwa mahali ambapo hutaenda kuitafuta. Na kama ni faili mpya, Word inakuletea kisanduku kidogo chenye mahali ilipojichagulia yenyewe, nawe kwa haraka unabonyeza Enter. Kitufe kinachouliza wapi ni F12, na hicho ndicho kinachostahili kuzoewa kwanza.

Kabla ya vitufe, folda

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E uone kama kompyuta ina diski D. Kwenye kompyuta nyingi za saiba diski imegawanywa mara mbili, C ikiwa na Windows, na D ikiwa tupu au imejaa sinema za kijana wa zamu ya jioni. Kazi ikae D. Fundi akija kupiga Windows upya, kwa kawaida anafuta C, na kila kilichokuwa Desktop na Documents kinakwenda nayo kwa sababu folda hizo ziko ndani ya C. (Kama umewahi kujiuliza A na B zilienda wapi, zilitengewa disketi. Disketi zilikufa, herufi zikabaki bila kazi.) Kama D haipo, tumia C lakini nje ya Desktop na Documents, na ujue kwamba siku ya fundi lazima utoe nakala kwanza.

Ndani ya D tengeneza folda inayoitwa K, yaani Kazi. Herufi moja inatosha. Utaichapa mchana kutwa, kwa hiyo usiipe jina refu la kumfurahisha mkaguzi. Ndani ya K weka folda za aina za kazi, na hapa ndipo watu wengi hujifunga wenyewe. Windows ina tabia hii: ukiwa kwenye orodha ya folda na ubonyeze herufi, inaruka hadi kwenye jina la kwanza linaloanza na herufi hiyo. Folda zako zikiwa Mazishi, Mikutano, Mitihani na Matangazo, herufi M haikusaidii kitu. Zikiwa Barua, Chama, Harusi, Mazishi, Shule, Ushuru na Wasifu, kila moja umeifikia kwa herufi moja. Wasifu ndizo zile CV. Ningeweza kuiita CV, lakini C tayari ni ya Chama. Chagua majina kwa jinsi hiyo: herufi ya kwanza isigongane na nyingine.

Ndani ya kila folda weka mwaka, na pale kazi ilipo nyingi, kama Mazishi, weka na mwezi kwa tarakimu mbili: 01, 02, mpaka 12. Ile sifuri ya mbele ina kazi, kwani bila hiyo programu nyingi zitapanga mwezi wa 10 kabla ya mwezi wa 2. Usiingie ndani zaidi ya hapo. Windows kwa kawaida hukubali njia ya faili ya herufi 260 hivi ukihesabu majina ya folda zote zilizoitangulia, na mtu anayepachika folda ndani ya folda ndani ya folda hufika huko upesi kuliko anavyodhani.

Kujenga yote haya hakuhitaji kipanya. Bonyeza Windows+E, kisha Alt+D ili uende kwenye upau wa anwani juu, chapa D:\ na ubonyeze Enter. Sasa Ctrl+Shift+N, ndiyo folda mpya. Chapa K, Enter, halafu Enter tena ili uingie ndani yake. Ctrl+Shift+N, chapa Barua, Enter. Ctrl+Shift+N, chapa Chama, Enter. Na hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukitaka kurudi folda iliyo juu, Alt na mshale wa juu.

Ile alama \ , mkwaju unaolalia nyuma, huwa juu ya Enter kwenye kibodi za mpangilio wa Marekani. Kwenye za Uingereza iko kando ya Z, karibu na Shift ya kushoto. Kwenye laptopu za mtumba zenye mpangilio wa Kijerumani imefichwa pamoja na kitufe kingine na huitoi mpaka ushikilie AltGr. Itafute asubuhi kabla wateja hawajaja.

F12, na kisanduku ambacho si cha jina peke yake

Sasa kazi yenyewe. Umefungua Word na hujaandika chochote. Vizuri, hifadhi ukurasa ukiwa mtupu. Wakati huo ndio unajua wazi hii ni kazi ya nani na ya aina gani. Ukisubiri mpaka printa inanguruma na mteja amesimama nyuma ya kiti, utabonyeza chochote.

1. Bonyeza F12. Dirisha la kuhifadhi linafunguka, na mahali pa kuandikia pako tayari ndani ya kisanduku cha jina la faili.

2. Usichape jina. Chapa njia: D:\K\Mazishi\2026\03\ na unapochapa, orodha inashuka ikionyesha folda zilizopo. Unaweza kuchagua kwa mshale wa chini au kumalizia mwenyewe.

3. Bonyeza Enter. Dirisha linahamia kwenye folda hiyo. Faili bado haijahifadhiwa, kwa hiyo usiondoke.

4. Chapa jina, tuseme 2026-03-14 otieno programu 1, kisha Enter.

Mkono ukizoea, hatua hizo zinakuwa mstari mmoja. Unabonyeza F12, unachapa D:\K\Mazishi\2026\03\2026-03-14 otieno programu 1, unabonyeza Enter, na faili inakwenda moja kwa moja nyumbani kwake. Watu waliotumia Windows miaka na miaka hushangaa wakiona hili. Walidhani kisanduku kile hupokea jina tu, kumbe hupokea njia nzima. Ukikosea herufi kwenye jina la folda, Windows itakuambia njia hiyo haipo. Haikutengenezei folda kwa kubahatisha, na heri iwe hivyo, la sivyo D yako ingekuwa na Mazishi, Mazishj na Mzishi.

Kuanzia hapo Ctrl+S ni rafiki. Faili imeshajua kwao, na kila ukibonyeza inarudi pale pale. Ibonyeze kila umalizapo aya. Stima ya Kisumu haipigi hodi, na ingawa Word hujiwekea nakala ya dharura, kwa kawaida hufanya hivyo kila baada ya dakika 10. Dakika 10 za kuchapa wajukuu wa marehemu mmoja mmoja ni nyingi.

Kuna mitego michache ya F12. Kwenye laptopu nyingi kitufe hicho kimepewa kazi nyingine, kama kuongeza sauti au kuzima mawasiliano, na hapo itabidi ubonyeze Fn+F12. Laptopu kadhaa hukubali Fn+Esc ili vitufe vya F virudi kwenye kazi yake ya asili. Jaribu mara moja uone. Kwenye LibreOffice, ambayo nawasifu wanaoitumia badala ya Word ya wizi, F12 hugeuza aya kuwa orodha yenye namba, kwa hiyo huko tumia Ctrl+Shift+S. Notepad nayo ni Ctrl+Shift+S. Word, Excel, PowerPoint na Paint zote zinaitikia F12. Ukiibonyeza kwenye Chrome utafunguliwa matumbo ya tovuti. Ibonyeze tena yafunge.

Folda haipo, au unataka PDF

Aprili imeingia na folda ya 04 haijatengenezwa. Huna haja ya kutoka kwenye Word. Ukiwa ndani ya dirisha lile la kuhifadhi, chapa D:\K\Mazishi\2026\ na Enter, kisha Ctrl+Shift+N. Folda mpya inazaliwa hapo hapo. Chapa 04, Enter, na Enter tena kuingia. Ikiwa Ctrl+Shift+N imekataa, bonyeza Shift+Tab mpaka uingie kwenye orodha ya faili, ujaribu tena. Kisha Alt+N ikurudishe kwenye kisanduku cha jina.

Alt+N hiyo ina wenzake wawili kwenye Windows ya Kiingereza. Alt+T inakupeleka kwenye aina ya faili. Ukiwa hapo, bonyeza P mpaka PDF itokee, kisha Enter. Alt+S inahifadhi. Mfuatano wa F12, Alt+T, P, Enter, Alt+S unakupa PDF kando ya faili ya Word, katika folda ile ile na kwa jina lile lile.

PDF hii ifanye kuwa desturi, hasa kama programu zako za mazishi unazichora kwa Publisher, chombo cha Microsoft cha kupangia kurasa. Microsoft imetangaza kwamba Publisher inafika mwisho wake Oktoba 2026, na baada ya hapo wanaolipia Microsoft 365 hawataweza kufungua faili zake kwa programu hiyo. Familia hurudi mwaka ukiisha kutaka ile programu kwa ajili ya misa ya kumbukumbu. Usipokuwa na PDF utakuwa na faili ambayo hakuna cha kuifungulia.

Majina

Anza na tarehe, mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku: 2026-03-14. Ukiandika 14-03-2026, kompyuta itapanga faili zote za tarehe 14 pamoja, za Januari na za Desemba, kwa kuwa inasoma kutoka kushoto. Usijaribu 14/3/2026. Mkwaju hauruhusiwi ndani ya jina, wala mkwaju wa nyuma, nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu, < na >, wala kile kistari kilichosimama |. Kwa programu ya mazishi tarehe iwe ya mazishi yenyewe, si siku uliyoichapa. Mteja anaikumbuka ile, hii nyingine ni yako peke yako.

Baada ya tarehe weka jina la ukoo, aina ya kazi, na namba ya toleo. Namba, nasema, wala si neno “mwisho”. Programu ya mazishi haina mwisho mpaka jeneza lishuke. Utakuwa na “programu mwisho”, “programu mwisho sasa”, “programu mwisho kabisa”, na mzee wa ukoo akipiga simu saa mbili usiku hutajua ipi ilikwenda kwa printa. Shangazi akileta jina lililoachwa, fungua toleo 1, na kabla hujagusa herufi bonyeza F12. Dirisha litafunguka katika folda ile ile, jina la zamani likiwa limechaguliwa. Bonyeza mshale wa kulia ili usilifute, rudi mpaka kwenye namba, badilisha 1 iwe 2, Enter. Toleo 1 limebaki salama, nawe unaharibu toleo 2 upendavyo.

Kinachoingia kutoka mtandaoni

Faili nyingi zinazopotea hazikuandikwa kwenye Word. Zimekuja kwa WhatsApp ya kompyuta au barua pepe, au zimepakuliwa kutoka eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, na zote zikatupwa Downloads. Mwezi Juni ndio mbaya zaidi, watu wanapokimbizana na tarehe 30 ya kuwasilisha ritani. Downloads inafurika fomu za P9, zile za mshahara na kodi ya mwaka kutoka kwa mwajiri, na stakabadhi za ushuru ambazo majina yake ni tarakimu tupu.

Dawa yake ni mpangilio mmoja. Kwenye Chrome nenda kwenye mipangilio, sehemu ya vipakuliwa, uwashe ule unaouliza mahali pa kuhifadhi kila faili kabla ya kupakua. Firefox na Edge nazo zina wa kwao. Kuanzia hapo kila upakuaji utafungua dirisha lile lile la kuhifadhi unalolijua, na kisanduku kile kile kinapokea njia nzima. Mtu wa P9 amekaa mbele yako, unachapa D:\K\Ushuru\2026\ na jina lake, Enter. Wengine watakuambia kuulizwa kila mara ni usumbufu. Ni usumbufu wa sekunde chache, na mimi nauona bei rahisi. Ctrl+J kwenye Chrome inakuonyesha orodha ya vilivyopakuliwa karibuni, kwa yale uliyoyakubali bila kuangalia.

Kuhamisha vilivyokwisha potea

Kwa Downloads iliyokwisha jaa, tenga saa moja ya asubuhi yenye wateja wachache. Windows+E mara mbili, upate madirisha mawili. Moja lisukume kushoto kwa Windows na mshale wa kushoto, la pili kulia kwa Windows na mshale wa kulia. Kushoto ingia Downloads, kulia Alt+D uchape D:\K\ uende unakotaka. Unahama kati ya madirisha kwa Alt+Tab.

Kuchagua faili zilizofuatana, shikilia Shift ushuke kwa mshale. Kwa zilizoachana, shikilia Ctrl, tembea kwa mishale, na bonyeza nafasi kwenye kila unayoitaka. Ctrl+X kukata, Alt+Tab kuvuka, Ctrl+V kubandika. Umebandika pasipo pake? Ctrl+Z, zinarudi zilikotoka. Shift+Delete usiizoee hata kidogo: hufuta bila kupitia pipa la taka.

Picha za WhatsApp huja na majina kama “WhatsApp Image” yakifuatwa na tarehe na saa, na picha ishirini za marehemu mmoja zote zinafanana majina. Hapa F2 ina maajabu yake. Ziweke zote kwenye folda ya familia hiyo, Ctrl+A kuzichagua, F2, chapa otieno picha, Enter. Windows inazipa zote jina hilo na namba kwenye mabano: otieno picha (1), otieno picha (2), mpaka mwisho. Ukitaka kila moja iwe na jina lake, chagua ya kwanza, F2, chapa, kisha bonyeza Tab badala ya Enter. Unarukia faili inayofuata ikiwa tayari kubadilishwa jina, bila kugusa chochote kingine.

Kitufe cha folda moja

Kama kuna folda unayoiingia bila kukoma, ipe kitufe chake. Chagua folda ya K, bonyeza Shift+F10 ufungue menyu yake, na utume njia ya mkato kwenye Desktop. Nenda Desktop kwa Windows+D, uchague ile njia ya mkato, bonyeza Alt+Enter. Kwenye ukurasa wa njia ya mkato kuna kisanduku cha kitufe. Ingia humo ubonyeze K, nayo itajiandika Ctrl+Alt+K. Enter. Sasa popote ulipo, Ctrl+Alt+K inafungua folda yako. Njia hiyo ya mkato lazima ibaki Desktop au kwenye menyu ya kuanzia. Ukiihamishia kwingine, kitufe kinakufa.

Kupandisha faili

Kisanduku cha jina kinafanya kazi pia upande wa pili, wakati tovuti inapokudai faili: picha ya pasipoti kwenye eCitizen, cheti kwenye maombi ya kazi ya kaunti, au zip ya ritani kwenye iTax, tovuti ya KRA. Ukibonyeza kitufe cha kuchagua faili, dirisha linafunguka. Usitangetange humo ukitafuta. Chapa njia nzima, orodha itashuka, malizia, Enter. Windows 11 ina njia fupi zaidi: kwenye folda chagua faili, bonyeza Ctrl+Shift+C na njia yake yote inanakiliwa. Nenda kwenye dirisha la tovuti, Ctrl+V, Enter. Alama za kunukuu zinazokuja nayo ziache zilivyo, Windows inazielewa.

Hapa wateja wa saiba hufaidika kuliko mtu yeyote, maana tovuti za serikali humtoa mtu nje akikaa muda mrefu bila kufanya kitu, na muda huo huliwa na kutafuta faili.

Flashi ya mteja

Usihariri kazi moja kwa moja ndani ya flashi. Mteja ataichomoa Word ikiwa bado wazi, na faili itafunguka kesho ikiwa maandishi ya majini. Nakili kwanza kwa Ctrl+C, bandika kwenye D:\K\ mahali pake, fanya kazi humo, na mwishoni rudisha nakala kwenye flashi. Tumia Ctrl+C hapo, usitumie Ctrl+X, kwa sababu virusi na flashi bandia ni vingi, na faili iliyofutwa kwenye flashi kwa kawaida haipitii pipa la taka. Fungua nakala iliyoko kwenye flashi mbele ya mwenyewe, aione, ndipo umwachie aende. Herufi ya flashi nayo haitabiriki, leo E kesho F, kwa hiyo usiikariri.

Na D yenyewe inataka nakala mahali pengine. Diski ikifa, C na D hufa pamoja, kwa kuwa mara nyingi ni diski moja iliyogawanywa. Kwa kuwa kazi yote iko ndani ya K, kunakili ni kazi ndogo: chagua K, Ctrl+C, nenda kwenye diski ya nje, Ctrl+V.

Jioni

Kompyuta ya saiba inakaliwa na watu wengi, na kwenye Downloads zake utakuta nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, na namba za KRA za watu waliokwisha kwenda zao Maseno. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na biashara inayoshika taarifa za watu inaguswa nayo, hata yenye kompyuta tatu na printa moja. Kwa hiyo kabla ya kufunga, ondoka kwenye WhatsApp za wateja zilizobaki wazi. Windows+E, Alt+D, chapa shell:downloads, Enter, unaingia Downloads moja kwa moja. Pitia kilichomo. Cha kazi kikate kwa Ctrl+X ukipeleke K. Cha mtu binafsi ambacho hakuomba kihifadhiwe, kama kitambulisho kilichoskaniwa, kifute, kisha uende kwenye pipa la taka lililo Desktop ukalimwage: Ctrl+A, Delete, Enter. Aliyeomba kazi yake ikae, kama zile familia za programu, yake iko D:\K\Mazishi, na akipiga simu Jumatatu kutaka nakala nyingine ishirini, unabonyeza Ctrl+Alt+K, kisha M, kisha Enter.